Kulabu ya Arobaini

Hinterlahn, Tirol
2 Oktoba 2016

Mdogo wangu Veit,

Salamu nyingi kutoka nyumbani. Sisi hatujambo, isipokuwa goti la Alois wangu, ambalo siku hizi linatabiri theluji vizuri kuliko redio. Walburga wetu amejifungua mtoto wa kike mwezi wa nane, kwa hiyo mimi sasa ni bibi, na wewe ni babu, upende usipende. Mbweha kala kuku wawili. Ng'ombe wameshuka salama kutoka malisho ya juu, na watalii walipiga picha mpaka wakakanyagana. Maua ya vichwa vya ng'ombe alifunga mke wa Gebhard, kama kawaida.

Kadi yako ya Krismasi niliipata. "Wazima. Heri. Veit." Maneno matatu kutoka upande wa pili wa dunia! Stempu yenyewe ina maneno mengi kuliko wewe. Ila safari hii uliandika anwani nyuma ya bahasha, mara ya kwanza tangu uondoke, nikasema mtu anayeandika anwani anataka kuandikiwa. Nimeiweka kwenye droo ya vijiko miezi tisa, kila nikichukua kijiko naona haya. Leo nimechoka kuona haya.

Unakikumbuka kituo cha lifti ya zamani ya kupandia mlimani, pale tulipokuwa tukijificha kuvuta sigara za Baba? Lifti mpya ilipojengwa ng'ambo ya pili, kikabaki gofu la popo. Sasa ni jumba la sanaa ya kisasa. Usicheke, nimeshacheka kwa niaba yako. Ufunguo ninao mimi kwa sababu naishi karibu, nafagia, nawasha jiko, na watelezaji wa theluji wakija na viatu vyao vya plastiki nawafokea. Msanii wa kwanza alileta chumba kitupu cheupe. Nikauliza sanaa iko wapi, nikaambiwa nimesimama ndani yake. Wa pili alileta video ya mwanamume amelala, dakika arobaini. Alois naye anaweza hiyo kazi, tena anakoroma, na hakuna mtu anayemkatia tiketi.

Wa tatu amefika mwezi jana, anaitwa Benedita, Mreno wa visiwa vya Azores. Nimempa chumba chako. Huyu ni tofauti kidogo. Kwao nako wana ng'ombe, na siku ya pili tu aliamka mapema akamkamulia Alois ng'ombe wote kumi na wawili, kwa mkono, bila kuombwa. Madonge yangu ya mkate anakula manne. Anataka kengele arobaini za ng'ombe, moja kutoka kila zizi la kijiji, kila moja iwe ya ng'ombe kiongozi. Za kufanyia nini, hasemi. Nimezunguka nyumba thelathini na tisa na kigari cha kuvutia kuni, nikiazima. Nimewatetea hao wasanii kwenye milango ya watu mpaka sauti ikakauka, sijui hata nilikuwa natetea nini.

Zizi la arobaini ni letu. Nimemwambia kengele yetu ilipotea zamani. Akasema basi kulabu ya arobaini itabaki tupu, na hiyo pia itakuwa sehemu ya kazi. Hawa watu, jamani!

Sikuulizi kitu. Nakuhadithia tu.

Dada yako,
Zenz


Otago, New Zealand
6 Novemba 2016

Dada Zenz,

Barua yako imefika. Hongera kwa mjukuu, na pole kwa kuku. Goti la Alois liambie huku kwetu theluji inayeyuka, ni majira ya kuchipua, wanakondoo wamejaa mpaka jikoni. Msimu wa baridi nafundisha watoto wa matajiri kuteleza, ukiisha najenga nyua. Sikosi kazi. Ngaire anakusalimia. Ngaire ni mke wangu, miaka kumi na mmoja sasa. Amesoma jina lako kwenye bahasha akaniuliza kwa nini hakuwahi kujua kuwa nina dada. Nimemwambia hakuuliza. Siku mbili amenipikia bila kunisemesha.

Mimi sanaa yenu siijui. Ila najua kwamba kengele ya ng'ombe ni ya shingoni, si ya ukutani. Mwambie huyo Benedita hivyo. Au usimwambie, maana Hinterlahn ni hodari wa kupamba kisichopambwa. Mwaka 1994 Kassian alikuwa na siku kumi kaburini, kaka yetu, amekufa kule juu akimtafuta ndama kwenye ukungu, na ng'ombe wake mkawashusha na maua, kana kwamba mlima haukuua mtu. Kwa kuwa mahoteli yalikuwa yameshaandika mabango. Kwa kuwa mabasi ya wageni yalikuwa njiani kutoka Munich. Yalikuwa maua mazuri sana, Zenz. Nayakumbuka mpaka rangi. Aliyeyafunga sijawahi kumuuliza mtu, na sasa siulizi.

Unataka namba ya simu, naijua hiyo barua yako ilivyokaa. Sikupi. Nikisikia sauti yako nitakata, na nikishakata hutaniandikia tena.

Msalimie Alois. Chumba changu ni chake huyo Mreno, mimi sina mpango nacho.

Veit


Hinterlahn
27 Novemba 2016

Mdogo wangu,

Sisi wazima. Mtoto anaota jino, Walburga halali. Msalimie sana Ngaire, mwambie wifi yake anampongeza kwa zile siku mbili, angeongeza ya tatu. Leo tumewasha mshumaa wa kwanza wa kungoja Krismasi, na nyumba nzima imelala kwa uchovu, kwa sababu ya mambo ya juzi. Kaa chini usome taratibu.

Ijumaa asubuhi Benedita alimaliza kutundika kengele. Amepiga boriti ndefu mbele ya kituo, nje, zinakoonwa na kila anayepita. Kulabu arobaini, kengele thelathini na tisa, mikanda yao ya ngozi imepakwa mafuta inang'aa. Na kila kengele ameijaza nyasi kavu mdomo mzima, ulimi usitikisike. Mimi nilikuwa ndani nakoka moto, sikuona. Sababu alinieleza baadaye. Usiku wa upepo zilikuwa zikigongana, akaogopa zitaamsha wageni wa hoteli, kisha akapenda zilivyonyamaza. Basi. Kwao kengele ikijazwa nyasi haina maana yoyote.

Saa mbili anapita Gebhard, mpiga kengele wa kanisa, anakwenda kununua mkate. Anaona kengele za kijiji kizima zimezibwa midomo kwa nyasi. Wewe unajua mtu wa hapa akiona hivyo anafikiri nini: kifo, maana ng'ombe wa msiba ndio hushushwa kengele zimezibwa. Gebhard alivua kofia palepale kwenye theluji, akageuka bila mkate, akapanda mnarani akaigonga ile kengele kubwa, ya mtu aliyefia mlimani.

Veit, watu walikuja wote. Hakuna aliyejua nani kafa, kila mmoja alidhani jirani yake anajua. Wanawake kwa vitambaa vyeusi, wazima moto kwa sare, mama wa hoteli na aproni imejaa unga. Mwendesha lifti mpya alizima mashine, wageni wakabaki wananing'inia angani na skii zao, wakatulia nao. Mke wa Gebhard alileta mikate miwili, ya wafiwa. Wakasimama mbele ya boriti, wanaume kofia mkononi, kimya, na kila mtu anahesabu kwa macho nani hayupo. Nilitoka na koleo la majivu nikawakuta. Benedita kasimama juu ya ngazi na nyundo yake, haelewi, machozi yanamtoka.

Hakuna aliyekosekana. Hesabu ikatimia, kila mtu yupo. Dakika tano, kumi. Aibu ikaanza kuingia, unajua watu wanavyoanza kukohoa. Nikafikiri sasa watacheka, na wakicheka mimi nazishusha zote kwa mikono yangu.

Mke wa Gebhard ndiye aliyeona kulabu tupu. Akaisogelea, akaishika, akauliza, "Hapa ni pa zizi gani?" Akasema mwenyewe, kwa sauti ya kawaida kabisa, "Basi ni Kassian."

Hakuna aliyecheka. Gebhard akaanza rozari, kijiji chote kikaitikia, mafungu yote matano, kwenye baridi ya kukata masikio. Yule mzee wa chama cha utalii, aliyechapisha yale mabango mwaka ule, alipiga magoti. Ana miaka themanini na moja, tulimwinua watu wawili. Walipomaliza wakaja kunishika mkono mmoja mmoja, kama siku ya mazishi. Nimejivunia kijiji hiki, Veit. Miaka ishirini na miwili nimeishi hapa nikiwasalimia watu hawa na jiwe kifuani, na juzi nilijivuna kuwa wa kwao.

Sasa la kwangu. Hukuniuliza, lakini uliuliza. Maua nilifunga mimi. Baba alisema kijiji kinategemea siku ile, Mama alikuwa kitandani ameelekea ukutani, na mimi nikachukua kisu nikaenda kukata matawi. Nilikuwa na miaka thelathini, si mtoto. Nilimfungia ng'ombe wake taji kubwa kuliko yote, nikiwaza kwamba likiwa kubwa sana litakuwa ni la Kassian. Lilikuwa la watalii. Tangu siku hiyo sijagusa ua moja la ng'ombe.

Sikuombi unisamehe kwa barua. Nimekwambia ili usije ukasikia kwa mwingine.

Zenz


Hinterlahn
4 Februari 2017

Veit,

Umekufa? Kama umekufa, Ngaire aniandikie. Kama hujafa, una roho ngumu. Miezi miwili! Hata kadi ya maneno matatu mwaka huu hukuleta.

Sisi wazima, mtoto ana meno manne na ananing'ata mimi tu.

Hapa watu wanajaa. Wanashuka kwenye skii wanakuja moja kwa moja kwenye boriti, wa Vienna, wa Milano, mpaka Mjapani mmoja. Zamani wasanii walikuwa na binti wa kutoa maelezo, sasa anayetoa maelezo ni mimi, na aproni yangu, kwa Kijerumani cha nyumbani, na wanasikiliza. Nawaambia hii ni ya zizi fulani, ng'ombe wake alikuwa mkorofi, hii ina ufa kwa sababu ya radi. Kuna bwana kaandika gazetini kwamba kulabu tupu ni "kifo cha ukulima." Alipokuja tena nikamwambia, "Samahani bwana, hiyo si kifo cha ukulima. Hiyo ni ya kwetu." Akachukua daftari akaandika na hilo.

Nilikuwa nikiwacheka wasanii, unajua. Nilifikiri wanatuuzia upepo. Sasa kila asubuhi nikifungua nasimama kwanza mbele ya zile kengele kabla ya kushika ufagio, na sijui kueleza kwa nini, ila siku ninayopitiliza bila kusimama inaniharibikia. Alois kaniuliza kama nimekuwa mtaalamu. Nimemwambia ndiyo, nimekuwa, asogeze miguu nifagie.

Andika, hata kunitukana.

Zenz


Otago
20 Machi 2017

Dada Zenz,

Sijafa. Sisi wazima, kondoo wazima. Ngaire anasema wifi yake ni mtu wa maana na anauliza madonge ya mkate yanapikwaje.

Barua yako ya Novemba nimeisoma kila siku tangu ifike. Jibu nimeliandika mara nyingi nikachana. Mara ya kwanza lilikuwa la kukutukana. Kisha nikaona ninayemtukana ni dada yangu wa miaka thelathini, yuko peke yake zizini na kisu, Mama kageukia ukuta. Sikuweza kuendelea. Mimi nilikuwa wapi? Nilikuwa juu malishoni, nikingoja wengine waamue.

Unisikilize na mimi. Asubuhi ile mlipotuletea maua juu, mimi ndiye niliyekuwa nikimwongoza ng'ombe wa Kassian. Nilimvalisha lile taji. Sikukataa, Zenz. Nililifunga kwa mikono hii, na fundo lake lilikuwa zuri. Nilishuka naye mwendo wa saa tatu, kengele inalia, mpaka kona ya mwisho, pale mnara wa kanisa unapoonekana na bendi ikasikika. Hapo miguu ikagoma. Nikafungua mkanda, nikazoa nyasi pembeni mwa njia, zile alizokuwa amezifyeka Kassian mwezi wa saba zikakauka pale, nikaijaza kengele mpaka ikanyamaza. Ng'ombe akaingia kijijini na maua yake bila sauti. Mimi nikashika njia ya msituni, kengele ndani ya koti, mpaka stesheni ya treni. Najua mlisema mkanda ulikatika. Najua wengine walisema nimeiba nikauze.

Haijapotea. Imekaa kwangu muda wote huu, juu ya kabati, Ngaire akidhani ni ukumbusho wa watalii. Nyasi ni zilezile. Forodha ya huku haipitishi hata jani, ukikutwa na mbegu kwenye soksi ni kesi, na mimi nilizipitisha nyasi za Tirol tumboni mwa kengele, nimeizungushia suruali tatu chafu. Ndiyo sheria pekee niliyowahi kuvunja, na sijutii.

Leo nimeipeleka posta. Binti wa posta kaniuliza nyasi za nini. Nimesema ni za kuzuia kengele isigonge njiani. Sikumdanganya.

Itundikeni. Nyasi usizitoe mpaka wewe mwenyewe uone zimetosha.

Veit


Hinterlahn
7 Mei 2017

Mdogo wangu Veit,

Wazima sote. Mtoto anatambaa, anakula udongo. Maelekezo ya madonge nimeyaandika kwenye karatasi ya pili, mpe Ngaire, na mwambie mkate uwe wa jana, wa leo unaharibu.

Kengele ilifika wiki ya Pasaka. Kisanduku kilikuwa kimebonyea pembe moja, yenyewe haikuguswa. Nilikifungua jikoni, Alois kasimama nyuma yangu. Nilizinusa nyasi. Hazinuki tena chochote, zimekuwa vumbi jekundu, lakini bado zimeshikana jinsi ulivyozisokota. Nikaona mkono wako. Nililia vibaya sana, nakuambia ili ujue.

Jumatatu ya Pasaka ndiyo ilikuwa siku ya mwisho ya maonyesho. Sikumwambia mtu. Nilivaa vazi langu zuri nikaibeba barabarani kifuani, katikati ya kijiji, saa nne asubuhi, watu wanatoka kanisani. Gebhard aliiona kwa mbali. Akawaambia watu, "Pisheni." Wakapisha mpaka watelezaji, ambao hawajui lolote. Benedita alileta ngazi akataka kuitundika, nikasema hapana binti yangu, hii napanda mwenyewe. Nimepanda ngazi kwa vazi la Pasaka, nina miaka hamsini na miwili, na kulabu ya arobaini nimeijaza mimi. Nilipogeuka kijiji kizima kilikuwa chini yangu kinanitazama, nikawaambia kwa sauti, "Veit hakuiba kengele. Veit alifanya siku ile tulichopaswa kufanya sisi sote." Nilikuwa nimejiandalia maneno mengi zaidi, yakaishia hapo.

Yule mzee wa chama cha utalii alisema, "Ni kweli." Alisema mbele ya watu, Veit. Uandike hilo mahali.

Jioni Benedita aliomba kila zizi lije lichukue ya kwake, litoe nyasi lenyewe, liigonge mara moja, liende nayo nyumbani. Wakapita thelathini na tisa, moja moja. Yetu ikawa ya mwisho. Niliwaza maneno yako, nikaona zimetosha. Nikazitoa, Alois kazikinga kwenye kofia yake, tumezipeleka kwa Kassian tukazitandaza juu yake. Ningekuwekea kidogo humu, lakini ninyi na forodha yenu. Kisha nikaigonga. Nilikuwa nimeshaisahau ile sauti. Ng'ombe mmoja wa Alois, ambaye hajawahi kumjua Kassian wala wewe, aliitikia kutoka zizini, na watu ndipo wakacheka.

Benedita ameondoka, amelia kama aliyekuwa ndugu. Kabla hajapanda basi nilimwambia kwamba kazi yake ilieleweka vibaya kuliko kazi yoyote ya sanaa duniani. Akasema anajua, na kwamba yuko radhi ieleweke vibaya hivyohivyo mpaka afe. Chumba chako kiko tupu, nimebadilisha shuka.

Sasa nisikilize. Mwezi ujao ng'ombe wanapanda malishoni, na kiongozi atavaa kengele ya Kassian. Watashuka tarehe kumi na sita Septemba, Jumamosi. Mke wa Gebhard nimemwambia mwaka huu apumzike, maua nafunga mimi. Nimeshapanda mbegu zake nyuma ya nyumba, nyekundu na manjano, zile rangi unazozikumbuka.

Lakini unajua maua yanasema nini. Yanasema waliopanda mlimani wamerudi wote. Na kuna mtu mmoja alipanda mwaka 1994, akaishia kona ya mwisho mnara unapoonekana, na mpaka leo hajafika nyumbani. Nitakungoja pale konani na taji mkononi. Mlete na Ngaire. Usinifanye nifunge uongo mara ya pili.

Dada yako,
Zenz